Maktaba za kila mfumo: APPLE itangulie UNIX

Tuchukue programu ya C++ inayosoma uzito kwenye mizani ya kidijitali ya kituo cha kahawa, tuseme Mbozi, na kuutuma kwa soketi (njia ya programu kuwasiliana mtandaoni) hadi kompyuta ya mhasibu. Unaiandika kwenye Ubuntu hapo Mbeya mjini, mhasibu ana Windows, na mwenye Mac hakosekani. Msimbo ni uleule. Maktaba ndizo zinazotofautiana.

Kwenye CMakeLists.txt, faili la maelekezo la CMake, zana ya kuandaa ujenzi wa programu:

```
find_package(Threads REQUIRED)
target_link_libraries(mizani PRIVATE Threads::Threads)
if(WIN32)
  target_link_libraries(mizani PRIVATE ws2_32 setupapi)
elseif(APPLE)
  target_link_libraries(mizani PRIVATE
    "-framework IOKit" "-framework CoreFoundation")
elseif(UNIX)
  target_link_libraries(mizani PRIVATE udev)
endif()
```

ws2_32 ni ya soketi. Setupapi, IOKit na udev ni za kutafuta mizani imechomekwa mlango gani. Linux haidai maktaba ya soketi, zimo ndani ya libc, maktaba ya msingi ya C.

Mpangilio huo si urembo. Kwa CMake, Mac nayo ni UNIX. Ukitanguliza UNIX, Mac itaingia tawi la Linux na linka (inayounganisha msimbo na maktaba) itahangaika kutafuta udev isiyokuwepo. Ubuntu yenyewe ikilalamika `cannot find -ludev`, sakinisha libudev-dev. Ile 32 ya WIN32 isikutishe: ni kweli hata Windows ya biti 64, na inahusu mfumo utakaoendesha programu, si unaojengea.

Wapo wanaokwepa haya yote kwa kuandika `#pragma comment(lib, "ws2_32.lib")` ndani ya msimbo. Kompaila ya Microsoft inaelewa. GCC ya MinGW, kompaila huria ya Windows, inaipita tu, kisha unapata `undefined reference` kwa WSAStartup ya ws2_32. Mimi siitumii kabisa.

Mtego mkubwa ni Threads, ambayo kwenye Linux ni pthread, maktaba ya kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja. Ukiifuta kwenye Ubuntu 22.04 programu inajengeka vizuri, kwa sababu glibc (libc ya Ubuntu) toleo 2.34 ya mwaka 2021 ilimeza pthread ndani ya libc. Ipeleke kwenye 20.04, yenye glibc 2.31, linka inagoma kwa pthread_create. Kinyume chake pia kipo: faili lililojengwa 22.04 likibebwa kwenye flashi hadi 20.04 hukataa kuwaka, likisema `GLIBC_2.34 not found`. Hapo CMake haina kosa. Jengea kwenye Ubuntu kongwe kuliko zote zilizoko vituoni.

Na ukihamia kompaila nyingine, futa folda ya build kwanza. CMakeCache.txt bado inakumbuka ile ya zamani.