Mimba ya Kwanza: Tumbo Lisiloonekana, Mtoto Asiyecheza

"Mbona tumbo halionekani?" Mwenye mimba ya kwanza huulizwa hivyo na mama mkwe, na jirani, hata na muuza mboga, na kila anayeuliza ana jibu lake tayari: mtoto ni mdogo, damu haitoshi, kuna mkono wa mtu. Mara nyingi hakuna hata kimoja.

Mpaka wiki ya 12 mji wa mimba bado umejificha ndani ya nyonga. Nesi akibonyeza juu kidogo ya mfupa wa kinena ndipo anapougusa, tena kwa shida. Kutoka hapo unapanda taratibu, na kufikia wiki ya 20 kilele chake huwa usawa wa kitovu. Kwa hiyo wengi wenye mimba ya kwanza huanza kuonekana kati ya wiki ya 16 na ya 20, na mwanamke mrefu au mwenye misuli ya tumbo iliyokaza anaweza kuvuka hapo akiwa bado anafunga vifungo vya sketi yake. Mwenye uzazi wa pili au wa tatu hutangulia, kwa sababu misuli yake imekwisha kutanuka. Kujipima na dada mwenye watoto watatu hakukuambii lolote.

Na lile tumbo la wiki ya 8, ambalo asubuhi halipo na jioni linagoma kuingia kwenye suruali? Hilo ni gesi. Homoni za mimba hulegeza matumbo, chakula kinachelewa kusagika, choo kinakuwa kigumu. Mtoto mwenyewe wakati huo ana sentimita 2 hivi.

Anayepima kweli ni nesi mwenye utepe. Kuanzia wiki ya 24 hivi, umbali kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba huwa unakaribiana na idadi ya wiki: wiki ya 28, sentimita 28, zikizidi au kupungua mbili tatu. Tofauti ikiwa kubwa zaidi, hapo ndipo panatafutwa sababu. Tumbo lililozidi linaweza kuwa na mapacha, uvimbe kwenye kizazi, maji mengi, au hata mimba zabibu, yaani kondo lililokua vibaya kama vishada. Lililopungua linaweza kuwa la mtoto asiyekua vizuri. Na mara nyingine sababu ni tarehe iliyokosewa tu.

Tarehe ndiyo inayowachanganya wengi. Kliniki huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, mtaani wanahesabu kuanzia mwezi ambao hedhi haikuja. Tena "niko mwezi wa tano" kwa mmoja ni kwamba ameuingia juzi, yuko wiki ya 18, na kwa mwingine ni kwamba anaumaliza, yuko wiki ya 22. Wakikaa pamoja kwenye benchi la kliniki, huyu wa kwanza ataondoka na hofu kwamba wa mwenzake anacheza, wake hachezi. Wiki hizo nne ndizo zenye mambo yote.

Mtoto huanza kujitikisa kwenye wiki ya 7 au ya 8, na kipimo cha utrasaundi humwonyesha, ila mama hawezi kumhisi. Katika mimba ya kwanza mguso wa kwanza huja zaidi wiki ya 18 hadi 20, wakati aliyewahi kuzaa anaweza kuutambua wiki ya 16. Si kwamba mtoto wa kwanza ni mvivu. Mama wa kwanza hajui anachotafuta: anangoja teke, kumbe kinachokuja ni mtekenyo mdogo, kama samaki anayejigeuza kwenye maji, nao anaudhania gesi. Kondo la nyuma likiwa limejishika ukuta wa mbele wa mji wa mimba, linakaa katikati ya mtoto na ngozi ya tumbo, na mguso unachelewa zaidi. Wiki ya 24 ikifika bila dalili yoyote, mwone mkunga.

Kuna usemi kwamba mimba isiyocheza "imehamia mgongoni", na wapo waliokaa nayo mwaka na zaidi wakinywa dawa za kuirudisha mbele. Mgongoni hakuna mahali pa mtoto. Anayeambiwa hivyo anahitaji kupimwa: huenda mimba iliharibika bila kutoka, huenda ni uvimbe, huenda hakukuwa na mimba.

Dhana inayogharimu zaidi kimyakimya ni hii ya kusubiri tumbo lionekane au mtoto acheze ndipo kwenda kliniki. Wengine wanaogopa husuda, na siwalaumu, siri ya mimba changa ni desturi ya kale. Lakini nesi si jirani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki ya 12 kupita. Na hapa hata wataalamu walichangia, kwa kuwa dozi ya kwanza ya SP, vidonge wanavyopewa wajawazito kukinga malaria, zamani ilisubiri mama ahisi mtoto akicheza. Mwaka 2012 WHO ilibadilisha: itolewe mapema iwezekanavyo katika miezi mitatu ya pili, yaani kuanzia wiki ya 13. Ukiendelea na kanuni ya zamani, mwenye mimba ya kwanza anakaa wiki tano hadi saba zaidi bila kinga, na penye malaria nyingi yeye ndiye anayeathirika kuliko waliokwisha kuzaa.

Tumbo lililochongoka kuwa la mvulana na la mviringo kuwa la msichana, tuliache lichangamshe mazungumzo.

Lisilofaa kuachwa ni lile la "siku za mwisho mtoto hutulia, anajiandaa kutoka". Hatulii. Nafasi inapungua, kwa hiyo mateke makali yanageuka kuwa kujinyoosha na kujisukuma, lakini uchezaji haupaswi kupungua mpaka uchungu wenyewe. Hulala, ndiyo, dakika 20 hadi 40, mara chache kupita 90. Hakuna idadi moja ya mateke inayowafaa wote. Kinachofaa ni kumjua wako: huyu huamka mama akilala, yule huchangamka alfajiri. Ukiona amebadilika, jilaze kwa ubavu wa kushoto, umsikilize. Usipotulizwa na unachohisi, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Soda baridi si kipimo, na kungoja uone kama itamwamsha ni kupoteza saa zinazohitajika. Ukapimwa, moyo ukasikika vizuri, ukarudi nyumbani, kisha kesho akapungua tena, unarudi tena, na "si ulikuja jana?" si jibu la kukurudisha mlangoni.