Je, wajua kwa nini kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa lugha ya mashine, hutoa maonyo kuhusu namba za desimali hata pale programu inapofanya kazi?

Mtu anayeandika programu ya kukokotoa mizunguko ya sayari, mwenendo wa hewa au mikazo ndani ya daraja hukutana na jambo la kutatanisha. Programu inakubali kuendeshwa na majibu yanaonekana ya kuaminika, lakini kwenye skrini kuna mstari unaodai kwamba namba mbili za desimali zimelinganishwa kwa usawa, au kwamba bendera (alama ya ndani inayoonyesha kwamba tukio fulani limetokea) iitwayo IEEE_UNDERFLOW_FLAG imeinuliwa. Wapo wanaoupuuza mstari huo kila mara, na wapo wanaodhani kwamba kazi yote imeharibika. Makundi yote mawili hukosea, kwa sababu maonyo haya hayana uzito mmoja.

Chanzo chake ni namna kompyuta inavyohifadhi namba. Mtindo unaotumika huitwa nukta inayoelea, nao unafanana na ule wa mwanasayansi anayeandika 6.02 × 10²³, isipokuwa kila kitu kimo katika binari, yaani tarakimu za 0 na 1 tu, ambazo kila moja huitwa biti. Namba ya biti 64 hutenga biti 1 kwa alama ya chanya au hasi, biti 11 kwa kipeo na biti 52 kwa tarakimu zenyewe. Utaratibu huo uliwekwa na kiwango cha IEEE 754 mwaka 1985, na William Kahan, aliyekuwa mstari wa mbele kukiunda, alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1989. Kama vile theluthi moja isivyoweza kuandikwa ikaisha katika desimali, ndivyo moja ya kumi isivyoisha katika binari. Hukatwa mahali fulani na kukadiriwa. Ndiyo maana 0.1 ikijumlishwa na 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na swali la kama jumla hiyo ni sawa na 0.3 hujibiwa hapana.

Hilo ndilo linaloonywa na kompaila ya GCC mtumiaji anapowasha chaguo la -Wfloat-equal, ambalo halimo katika -Wall licha ya jina hilo, lenye neno la Kiingereza all, kuahidi kila kitu. Dawa inayotolewa kwa kawaida ni kuangalia kama tofauti ya namba hizo mbili ni ndogo kuliko kiasi fulani, lakini dawa hiyo nayo hunywewa ovyo: 0.000001 ni kiasi kidogo mno ukipima kilomita, ilhali ukipima kipenyo cha atomu kwa mita ni kikubwa kuliko kitu chenyewe. Kiasi cha kuvumilia sharti kiendane na ukubwa wa namba zinazolinganishwa.

Aina ya pili ya onyo huhusu kuhamisha thamani kutoka chombo kikubwa kwenda kidogo. Namba ya biti 32 hubeba takriban tarakimu 7 tu, hivyo 16,777,217 ikiingizwa humo hutoka ikiwa 16,777,216, bila kelele yoyote. Hatari huwa kubwa zaidi desimali inapogeuzwa kuwa namba kamili. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa kuwa thamani ya biti 64 inayohusiana na mwendo wa mlalo iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo kikomo chake ni 32,767. Sehemu hiyo ya programu ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambayo mwendo wake haukuwahi kufika huko. Haki isemwe: ugeuzaji huo ulikuwa umeandikwa kwa makusudi, kwa hiyo onyo la kompaila peke yake lisingetosha kuwaamsha wahandisi.

Maonyo hayo mawili hutoka kabla programu haijaendeshwa. Mstari wa bendera ni habari nyingine kabisa, kwani hutolewa programu inapomalizika, nao husimulia yaliyotokea ndani ya prosesa. IEEE 754 inatambua matukio matano: tokeo lililokadiriwa, tokeo dogo kupita kiasi, tokeo kubwa kupita kiasi, kugawanya kwa sifuri, na tendo batili kama kutafuta kipeuo cha pili cha namba hasi. Bendera ikishainuka hubaki juu hadi ishushwe kwa amri, hivyo ripoti haisemi tukio lilitokea wapi wala mara ngapi. Bendera ya ukadiriaji huinuka karibu katika kila hesabu, na ndiyo maana gfortran, kompaila ya lugha ya Fortran, haiitangazi isipoombwa.

Bendera ya udogo, ile ya IEEE_UNDERFLOW_FLAG, ndiyo inayohitaji busara. Chukua e kwa kipeo cha −900, thamani inayopatikana mbali na kilele cha mchoro wenye umbo la kengele. Jibu ni kama 10⁻³⁹¹, wakati namba ndogo kuliko zote katika biti 64 ni takriban 4.9 × 10⁻³²⁴, kwa hiyo kompyuta huandika sifuri. Ikiwa thamani hiyo inajumlishwa na nyingine zilizo kubwa, hakuna kilichopotea. Lakini ukizidisha uwezekano wa 0.1 mara 400, kisha ukagawanya zao hilo kwa jingine la aina yake, unagawanya sifuri kwa sifuri, na hapo huzaliwa NaN, thamani isiyo namba, ambayo haiwi sawa hata na yenyewe na huambukiza karibu kila hesabu inayoigusa. Suluhisho ni kujumlisha logi (logarithimu) za uwezekano huo badala ya kuuzidisha.

Kwa hiyo bendera ya tendo batili, ya kugawanya kwa sifuri au ya ukubwa uliopitiliza isiachwe bila kufuatiliwa. Katika gfortran, chaguo la -ffpe-trap=invalid,zero,overflow huisimamisha programu pale pale tukio linapotokea, na msako wa siku nzima huweza kuwa wa dakika chache. Wakati wa msako huo ni vyema kuacha -ffast-math, kwa sababu chaguo hilo huiruhusu kompaila kuamini kwamba NaN haipo, na mstari ulioandikwa kuitafuta unaweza kufutwa kimyakimya.