Chaza mkubwa ndani ya tangi, Lubumbashi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akishaanza kufuga matumbawe nyumbani, haichukui muda kabla hajatamani chaza mkubwa. Ana rangi za buluu, kijani na zambarau zinazong'aa kila taa inapowaka. Ni mnyama wa kupendwa, nami nampenda. Ndiyo maana inaniuma kuona mengi yanayosemwa juu yake hapa kwetu ni uongo, na mengine yanamuua.

Tuanze na lile la kwamba humbana mzamiaji mguu na kumzamisha. Si kweli. Chaza hufunga gamba polepole, tena kwa kujikinga tu. Yule mkubwa kuliko wote, Tridacna gigas, akishakomaa hawezi hata kulifunga kabisa.

Wengine husema: "Huyu anakula mwanga, basi taa yoyote inamtosha." Hapo pana nusu ya ukweli. Ndani ya ule mnofu wa rangi anaoutandaza nje ya gamba wanaishi mwani wa seli moja, nao hutengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia. Chaza mwenyewe pia huchuja vijimea vidogo majini. Lakini taa ya kawaida ya sebuleni haimtoshi, wala dirisha lenye jua. Anahitaji taa zilizotengenezwa kwa matumbawe. Tridacna maxima na Tridacna crocea ndio wanaodai mwanga mkali zaidi. Tridacna derasa na Tridacna squamosa huvumilia mwanga uliopungua kidogo. Anayeanza na derasa ameanza vizuri, ila ajue kwamba anaweza kufika sentimeta 60.

Kutokana na hilo watu huogopa deleste, yaani kukatwa kwa umeme kwa zamu, kwa sababu isiyo yenyewe. Chaza akikaa gizani siku moja hafi. Kinachotangulia kuua ni maji yaliyosimama: pampu zikizima, oksijeni inaisha, na samaki na chaza wanakosa hewa pamoja. Kwa hiyo betri ya kwanza uipe pampu ya hewa, taa zingoje. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wetu unaposhuka chini ya nyuzi 10, fikiria na joto pia, maana yeye anataka nyuzi 25 hadi 27. Funika tangi kwa blanketi mpaka umeme urudi, ila uache nafasi ya hewa kupita.

Kuhusu maji, nimesikia mtu akisema atatumia ya Tanganyika kwa kuwa ni magumu na pH yake inakaribia 9. Ziwa lile ni la ajabu kwa samaki wake, lakini chumvi yake haifiki gramu 1 kwa lita, wakati bahari ina kama gramu 35. Mwingine atasema tuna bahari yetu Moanda. Ni kweli, ila ile ni Atlantiki, na chaza hawa hawaishi Atlantiki. Kwao ni Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu na Pasifiki. Wala chumvi ya jikoni haitengenezi bahari: haina kalsiamu, magnesiamu na kabonati za kutosha, na gamba lote la chaza ni kalsiamu kabonati. Nunua chumvi ya akwariamu, kisha upime kalsiamu isishuke chini ya miligramu 400 kwa lita. Yeye anajenga gamba kila siku, kwa hiyo kalsiamu inapungua kila siku.

Sasa tufike kwenye shaba, ambayo kwa mtu wa Lubumbashi ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mji huu ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, nasi tumeizoea hata hatuioni tena. "Malakiti ni jiwe tu," mtu anasema, anachukua kipande kizuri cha kijani chenye mistari na kukiweka kati ya matumbawe. Malakiti ni kabonati ya shaba. Ikikaa majini inaachia shaba kidogo kidogo, na kiasi ambacho samaki anakivumilia kinamuua chaza, kamba na konokono. Msalaba wa shaba wa wazee wetu, sarafu, waya uliochubuka, koki ya shaba: hivyo vyote visiguse maji ya tangi. Maji ya bomba au ya kisima yapitishe kwanza kwenye chujio la osmosi, lile lenye utando unaozuia madini yaliyoyeyuka. Dawa nyingi za madoa meupe ya samaki nazo zina shaba. Tangi lililowahi kutiwa dawa hiyo lisipewe chaza bila kupimwa, kwa sababu mawe na mchanga huinywa shaba na kuirudisha baadaye.

"Anasafisha maji, mtie kwenye tangi chafu." Hapana. Ni kweli anafyonza nitrati na amonia, yaani taka za samaki zilizoyeyuka majini, ila kwa kiasi cha mahitaji yake. Hata tangi jipya, ambalo maji yake bado hayajatulia, litamuua kabla hajalisafisha. Subiri miezi, si wiki. Na usihangaike kufikisha nitrati sifuri, kwa kuwa kidogo inamfaa.

Ukimkuta ameshika jiwe, usimvute. Chini ya gamba ana nyuzi za kujishikia, na ukizing'oa unachana mwili wake. Mwamishe pamoja na jiwe lake.

Kuhusu kununua: chaza wote wa jamii hii wako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na Kongo ni mwanachama. Muulize muuzaji karatasi, na umwombe chaza aliyezalishwa shambani. Derasa wamezalishwa Palau kwa miaka mingi, kwa hiyo hakuna haja ya kung'oa wa porini.

Akifika, mwangalie usiku kwa tochi. Chunguza ukingo wa gamba na upande wa chini, kwenye tundu la zile nyuzi. Vikonokono vyeupe vidogo kama punje ya mchele hujificha hapo mchana, kisha hutoka gizani na kumfyonza. Visugue vyote kwa mswaki mpya ndani ya beseni la maji ya tangi, toa na mayai yao yanayofanana na utelezi uliogandia gambani, na urudie ukaguzi huo usiku unaofuata.