"Jaja hakuanguka, aliteleza tu": dhana potofu kuhusu wazee wanaoanguka

"Musawo, jaja hakuanguka. Aliteleza tu." Musawo ni mimi, mhudumu wa afya; jaja ni bibi au babu. Maneno haya nayasikia mno hapa Busia, Uganda, tena kutoka kwa watu wanaowapenda wazee wao kwa dhati. Nauliza mzee ameanguka mara ngapi mwaka huu, naambiwa hajaanguka kabisa. Nikibadili swali, kama kuna siku alijikuta chini bila kukusudia, hesabu inaanza: jikoni, njia ya chooni, siku ile ya mvua. Mbona hawakusema? Kwa sababu hakuumia.

Dhana: kama hakuumia, hakuna cha kuandika

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayotufikisha kwenye nyonga iliyovunjika. Kwa Shirika la Afya Duniani, mtu ameanguka pale anapojikuta ardhini, sakafuni au mahali pengine pa chini bila kukusudia. Hapo hakuna sharti la damu wala mfupa. Aliyeteleza akakaa kwenye tope ameanguka. Aliyekosa kiti wakati wa kukaa ameanguka. Aliyeporomoka taratibu akishikilia ukuta, naye ameanguka. Na mzee aliyekwisha kuanguka ana hatari kubwa zaidi ya kuanguka tena kuliko mwenzake ambaye bado. Mara zile alizoinuka akajikung'uta ndizo zinazotupa nafasi ya kutafuta sababu mapema.

Kumbukumbu haitoshi. Mzee husahau, hasa pale ambapo hakuumia. Wengine huficha, wakihofu kukatazwa kwenda shambani au kanisani. Ndiyo maana nasisitiza daftari: daftari la kawaida la shule, lining'inizwe kwenye msumari karibu na mlango wa chumba chake, kalamu ifungwe kwa uzi. Sitaki habari hizi zikae kwenye simu, kwa sababu simu huondoka na mwenyewe asubuhi, na mzee anabaki na mjukuu. Mtoto yeyote anayejua kuandika aweze kulijaza.

Andikeni siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, alikuwa anafanya nini kabla tu ya kuanguka, alivaa nini miguuni, kulikuwa na mwanga au giza, alisikia kizunguzungu au la, aligonga kichwa au la, alikaa chini muda gani, nani alimwinua. Kama kuna dawa mpya, andikeni alianza lini. Na kila Jumapili, kama wiki imepita salama, andikeni "hakuanguka". Bila hivyo, nikikuta ukurasa mtupu sijui kama mzee alikuwa salama au mwandishi alisahau.

Niwaonyeshe faida yake. Bibi mmoja aliyepita miaka 80, familia yake ilikuwa tayari inatafuta saruji ya kusakafia ua, kwa kuamini ua ndio unaomwangusha. Mjukuu alikuwa ameandika hivi: "Saa kumi na moja alfajiri, anatoka kitandani kwenda chooni, macho yaliingia giza." Chini yake: "Alfajiri tena, mlangoni, hana viatu." Kisha: "Mchana, foleni ya hela za SAGE, alisimama sana, akakaa chini ghafla." (SAGE ni mpango wa serikali wa kuwapa wazee hela.) Ua haumo hata mara moja. Kilichomo ni kuinuka kitandani na kusimama muda mrefu, na yote yalianza baada ya kuongezewa dawa ya presha. Tulimpima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, hilo ni tatizo, na yake ilishuka hivyo. Daktari akapanga dawa upya. (Msizikatishe wenyewe nyumbani, presha iliyoachwa nayo inaua.) Bibi akafundishwa kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo asimame. Fundi seremala wa mtaani akamtengenezea kiti kilichotobolewa, ndoo ikae chini yake usiku. Naomba kila nyumba yenye mzee dhaifu iwe na kiti hicho.

Dhana: daftari ni la kumkamata aliyezembea

Mkamwana anaogopa wifi watasema hamtunzi mama yao. Msichana wa kazi anaogopa kufukuzwa. Hata wodini wauguzi wengine huogopa. Matokeo yake mzee huinuliwa, hufutwa vumbi, kimya. Wenye nyumba, semeni wazi mbele ya wote kwamba anayeandika hatagombezwa. Mkigomba mara moja tu, hakuna atakayeandika tena.

Dhana: ni uzee tu

Uzee peke yake hauangushi mtu. Macho yenye mtoto wa jicho, misuli iliyolegea, dawa za usingizi, kandambili zilizolika, taa iliyozimwa mapema: haya yana la kufanywa.

Dhana: akae tu, asitembee

Misuli ya mapaja isiyotumika hulegea haraka, na mzee aliyekalishwa kwa wema huanguka siku ya kwanza anapojaribu kwenda chooni mwenyewe. Asimame na kukaa kwenye kiti imara mara kadhaa kila siku, mtu akiwa karibu.

Dhana: anatembea, basi hakuna kilichovunjika

Si kweli. Kuna mivunjiko ya nyonga ambayo vipande vya mfupa hubanana, mtu akaweza kuchechemea kwa siku kadhaa. Maumivu ya kinena baada ya kuanguka yanataka eksirei. Kuchuliwa hapana.

Dhana: aligonga kichwa lakini ameamka vizuri

Kwa wazee, damu inaweza kuvuja polepole juu ya ubongo na dalili zikaja baada ya wiki kadhaa: kichwa kinachouma zaidi kila siku, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mkono au mguu kukosa nguvu. Kufikia hapo familia imeshasahau siku aliyogonga kichwa, inafikiria malaria. Tarehe iliyoandikwa ndiyo inayomfanya daktari aagize picha ya kichwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aletwe siku hiyo hiyo.

Dhana: fimbo yoyote inafaa

Asimame wima amevaa viatu vyake, mikono ining'inie. Kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Chini iwe na mpira, ukilika ubadilishwe, na aishike upande wa mguu ulio mzima.