“Ukioshwa sainasi mara moja, utaoshwa kila mwaka”: nani kawaambia?

Juzi mama mmoja kapanda gari la alfajiri kutoka Tukuyu, kakaa mbele yangu na picha ya CT (eksirei ya kompyuta ya kichwa) mkononi, na kabla sijaifungua akasema: “Dokta, nipe dawa tu. Nyumbani wameniambia ukioshwa sainasi mara moja, utaoshwa kila mwaka mpaka kufa.” Pua zote mbili zimeziba, harufu ya ndizi zinazoungua jikoni haisikii tangu mwaka jana, antibiotiki kameza za kila rangi. Sentensi yake hiyo nimeichoka.

Ina chimbuko, lakini. Zamani mgonjwa alitobolewa kwa sindano nene kupitia puani mpaka kwenye uwazi wa shavu, mojawapo ya sainasi, yaani nafasi zenye hewa ndani ya mifupa ya uso, maji yakapitishwa, usaha ukatoka, akarudi nyumbani mwepesi. Baada ya miezi, usaha umejaa tena. Utaachaje kujaa wakati mlango haujaguswa? Ni kama mtaro wa Mwanjelwa wakati wa masika: unateka maji kwa ndoo jioni nzima, kumbe uchafu umekwama kwenye kalavati. Na mlango wa uwazi wa shavu uko juu, karibu na jicho. Ukisimama, ute haumwagiki wenyewe. Vinyweleo vidogo mno ndivyo vinavyoupandisha kuuelekeza huko. Daktari Messerklinger wa Graz, Austria, alionyesha kwamba hata ukitoboa tundu jingine, ute unalipita na kufuata mlango wake wa asili.

Upasuaji wa endoskopi, ulioenea tangu miaka ya 1980, umejengwa juu ya jambo hilo. Mgonjwa analazwa nusu kaputi, kamera nyembamba inaingia kwa tundu za pua, tunaondoa vijifupa na nyama zinazobana njia, mlango unapanuka. Uso haukatwi popote.

Je, ugonjwa unaweza kurudi? Ndiyo, hasa kwa wenye polipu (vinyama laini vinavyoota ndani ya pua), na zaidi wakiwa na pumu. Kisu hakijauanzisha: ni ngozi laini ya ndani ya pua inayoendelea kuvimba, kama ilivyokuwa ikivimba kabla hujaniona. Ndiyo maana nakuandikia dawa ya kupuliza na kukuambia usiiache. Wengi wanaonirudia waliiacha mwezi wa pili kwa sababu “pua imefunguka, dokta”. Imefunguka ili dawa ipite! Kabla ya hapo ilikuwa inaishia mlangoni.

Na maji ya chumvi, ambayo wananicheka kwa kuyasifia: nusu lita ya maji, chumvi kijiko kidogo cha chai kisichojaa, unaosha pua asubuhi na jioni. Maji yachemshwe kwanza, yapoe. Ya chemchemi ya mlimani, hata yawe meupe kama kioo, yasiingie puani bila kuchemshwa, kwa kuwa yanaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo linavimudu lakini pua haivimudu.

Mengine nitayapitia haraka. Eti ni baridi ya Mbeya, uhamie Dar: Dar nako wenzangu wana foleni. Baridi ya Juni inaleta mafua, sawa, ila moshi wa kuni kwenye jiko lililofungwa madirisha kwa ajili ya baridi hiyohiyo unaiumiza pua zaidi. Eti kila kichwa kikiuma ni sainasi: kama kinagonga upande mmoja, unatapika, mwanga unakukera na pua iko wazi, hicho huenda ni kipandauso, na sina cha kukipasua. Usaha wa upande mmoja unaonuka vibaya? Fungua mdomo kwanza nione magego ya juu. Mara nyingine mwenye kazi hapo ni daktari wa meno.

Eti tunagusa ubongo, utapofuka. Jicho na ubongo ni majirani kweli, ukuta wa kati ni mwembamba kama karatasi, na madhara hayo, ingawa ni nadra, nakutajia kabla hujaweka sahihi. Ndiyo maana bila picha ya CT sishiki kifaa.

Yule mama kachukua tarehe, ila kasema kwanza atamuuliza shemeji yake aliyeoshwa mwaka 1994. Nimemwambia aje naye.