Kuku mgonjwa simwogopi sana

"Daktari, tuonyeshe yule mwenye salmonela tumtoe." Mfugaji aliyeniambia hivyo alikuwa na majibu ya maabara mkononi, macho yako bandani kwenye kuku wake mia nane wa mayai. Nilizunguka naye banda zima. Vilemba vyekundu, wanakula kwa pupa, wanataga kama kawaida. Hakukuwa na wa kumtoa. Bakteria wa salmonela walikuwa wameonekana kwenye kinyesi na vumbi la sakafuni, ila kwa macho kuku wote walikuwa wazima.

Wafugaji wengi wanaijua salmonela kwa sura yake nyingine: vifaranga wamejikunyata chini ya taa, mbawa zimelegea, kinyesi cheupe kama chokaa kimegandia nyuma, na kila asubuhi unazoa mizoga. Hiyo ni aina ya salmonela iitwayo Pullorum. Ndugu yake Gallinarum huwamaliza kuku wakubwa. Zote mbili zinafilisi, lakini zimezoea ndege kiasi kwamba ni nadra kumwangusha binadamu. Inayotusumbua sisi walaji ni Enteritidis, na hiyo kwa kuku mkubwa kwa kawaida haina kelele. Huingia kwenye ovari na mrija wa mayai, kwa hiyo yai linaweza kuchafuliwa kabla hata ganda halijajengwa. Kuku anaendelea kutaga. Yai linaonekana safi, halina ufa wala harufu, na ukilimulika kwa taa huoni kitu.

Njia ya pili ni kinyesi kilichobaki juu ya ganda. Hapo watu hukimbilia kuosha mayai, tena kwa maji baridi, na kwa maoni yangu ni kosa linalofanywa kwa nia njema kuliko yote. Ganda lina vitundu vidogo kwa maelfu. Yai lenye joto likizamishwa kwenye maji baridi, vilivyo ndani husinyaa na kuvuta maji pamoja na uchafu wake. Weka viota vikavu, okota mayai mara kadhaa kwa siku, yaliyochafuka sana yaweke kando.

Jina lenyewe limetoka kwa Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani, ingawa aliyefanya kazi ya maabara mwaka 1885 ni msaidizi wake Theobald Smith. Walikuwa wanatafuta chanzo cha ugonjwa mmoja wa nguruwe, wakadhani wamekipata; baadaye ikajulikana kwamba ugonjwa ule unaletwa na kirusi. Leo aina za salmonela zinazotambulika zimepita 2,500. Typhi, inayoleta homa ya matumbo, huishi kwa binadamu peke yake, kwa hiyo ukiambiwa una taifodi usimlaumu kuku wako.

Ng'ombe ni habari nyingine. Ndama wa wiki mbili au tatu akiipata, huhitaji maabara ili ushtuke: joto la mwili linapita nyuzi 40, macho yamezama, anaharisha maji ya manjano yenye harufu kali, na ndani yake unaona vipande vya utando wa utumbo na michirizi ya damu. Huyo anatibiwa au anakufa, na vyovyote vile umeshajua kuna tatizo. Shida inakuja kwa ng'ombe mkubwa aliyepona aina iitwayo Dublin. Anaweza kubaki nayo mwilini kwa miaka, ametulia, halafu akisafirishwa au akizaa anaanza tena kuitoa kwenye kinyesi na hata kwenye maziwa. Ndiyo maana sinywi maziwa mabichi, hata ya ng'ombe niliyempima mwenyewe wiki iliyopita. Sampuli moja safi inakuambia habari za siku ile tu.

Kwa mtu, mambo huanza mara nyingi saa 12 hadi 36 baada ya kula: homa, tumbo kusokota, kuhara. Wengi hupona ndani ya wiki kwa kunywa maji ya kutosha yenye chumvi na sukari za kurudishia mwili nguvu. Wa kuwahishwa hospitali ni watoto wachanga, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu, kwa sababu kwao bakteria huweza kuingia kwenye damu. Mwenye selimundu naye yuko hatarini, kwani bakteria hujificha hadi kwenye mifupa.

Sasa dawa. Nikisema kuna salmonela, swali linalofuata ni antibiotiki gani itiwe kwenye maji. Kwa kundi lisiloumwa, jibu langu ni hakuna. Dawa hupunguza bakteria kwenye kinyesi kwa muda, vipimo vinapendeza, lakini wanaobaki ni wale wasiosikia dawa. Miaka ya 1990 aina moja ya salmonela, Typhimurium DT104, ilienea kwa ng'ombe na watu ikiwa sugu kwa dawa za makundi matano kwa mpigo.

Chanjo ndiyo iliyoleta mabadiliko. Uingereza ilikumbwa na kashfa ya mayai yenye salmonela mwaka 1988 iliyomfanya naibu waziri Edwina Currie ajiuzulu; miaka kumi baadaye kuku wa mayai walipoanza kuchanjwa kwa wingi, wagonjwa walipungua sana. Lakini chanjo bila vita na panya ni kazi bure. Panya hula chakula cha kuku, huacha kinyesi humo humo, na hubaki bandani hata kundi likishauzwa, akisubiri vifaranga wapya.

Kwa yule mfugaji tulianzia hapo, kwenye mashimo ya panya nyuma ya stoo. Aliniuliza kama nyumbani waendelee kula mayai yao. Nikamwambia yaive mpaka kiini kigande, maana joto la nyuzi 70 ndani ya chakula linawamaliza bakteria, ila friji huwalaza tu.

Tulipotoka, mtoto wake alikuwa amekaa kizingitini na kifaranga amekibana shavuni, anakibusu kichwani. Niliomba maji na sabuni, tukanawa wote watatu.