Ron Ely, Tarzan wa runinga: uzushi na ukweli

Mtaje Ron Ely, mwigizaji wa Marekani, kwa watu waliokua wakimtazama akiigiza Tarzan, yule shujaa wa msituni, katika tamthilia ya runinga, na mara nyingi utaulizwa: "Si ndiye aliyeuawa na mwanawe?" Siye. Nianze na hili kwa sababu ni uzushi juu ya msiba wa watu, na msiba haustahili kusimuliwa ovyo. Tarehe 15 Oktoba 2019, nyumbani kwao karibu na Santa Barbara, California, aliyeuawa kwa kisu ni mke wake, Valerie Lundeen, aliyewahi kuwa Miss Florida, yaani mrembo wa jimbo hilo. Muuaji alikuwa mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka 30, ambaye naye alipigwa risasi na askari hukohuko nyumbani akafa. Kwa siku moja, Ely, mzee wa miaka 81, alipoteza mke na mtoto. Yeye aliishi karibu miaka mitano zaidi, akafariki tarehe 29 Septemba 2024 akiwa na miaka 86. Familia ilitangaza kifo hicho Oktoba, kwa hiyo ukiona mahali pameandikwa Oktoba, ujue hiyo ni tarehe ya tangazo.

Kosa jingine linatugusa sisi wenyewe. Wengi wanaamini ule msitu wa tamthilia ya Tarzan ulikuwa Afrika. Tamthilia hiyo, iliyorushwa na NBC, kituo cha runinga cha Marekani, kuanzia 1966 hadi 1968 kwa sehemu 57, ilianza kurekodiwa Brazil kisha ikahamia Mexico. Miti ile ni ya Amerika, na simba walikuwa wa kufugwa, waliozoeshwa kazi ya kamera. Simba halisi hupenda nyika na mbuga za wazi, si msitu mnene. Nami inaniuma kidogo kwamba miaka hiyohiyo, pale Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, Jane Goodall alikuwa akichunguza sokwe halisi porini, lakini picha iliyobaki vichwani mwa watazamaji wengi duniani ni ya Cheeta, sokwe wa Tarzan.

Lakini msitu kuwa wa kuazima hakumaanishi kazi ilikuwa ya kuigiza tu. Wapo wanaosema waigizaji wa zama zile walikaa kivulini huku watu wengine wakiruka na kupigana kwa niaba yao. Ely alifanya mwenyewe sehemu kubwa ya matukio ya hatari, na mwili wake ulilipa. Alivunjika bega alipoanguka akibembea kwenye kamba ya mti. Aling'atwa kichwani na simba katika onyesho la mieleka, akashonwa. Hata nafasi yenyewe aliipata baada ya Mike Henry, aliyecheza filamu tatu za Tarzan, kujitoa kufuatia kung'atwa taya na sokwe. Na bado Ely akaingia.

Kitu kimoja tu hakikuwa chake: ule ukelele maarufu wa Tarzan. Ulikuwa wa Johnny Weissmuller, bingwa wa kuogelea aliyecheza Tarzan miaka ya 1930 na 1940, na ulitoka kwenye kanda. Huyohuyo Weissmuller ndiye anayewafanya watu wadhani kila Tarzan aliongea maneno mawili matatu ya kukatakata. Tarzan wa Ely alikuwa msomi, aliyezungumza kama mtu yeyote aliyekaa darasani, ila aliamua kurudi msituni. Jane, mpenzi wa Tarzan, hakuwemo kabisa. Alikuwepo mtoto yatima, Jai.

Halafu kuna wanaodai kwamba baada ya Tarzan alipotea. Mwaka 1975 alikuwa nyota wa filamu ya Doc Savage. Mwaka 1980 na 1981 aliongoza mashindano ya urembo ya Miss America, kazi aliyoipokea kutoka kwa Bert Parks, na kurithi kiti cha mtangazaji aliyependwa kiasi kile si mchezo. Mwaka 1987 akarudi kwenye vituko, safari hii chini ya maji, katika toleo jipya la tamthilia ya Sea Hunt. Kisha akakaa akaandika. Riwaya zake mbili za upelelezi, Night Shadows na East Beach, zilitoka 1994 na 1995, zote zikimfuata mpelelezi mmoja, Jake Sands. Alistaafu uigizaji mwaka 2001, akatumia miaka hiyo kulea watoto wake watatu, na mwaka 2014 akajitokeza tena kwenye runinga kwa filamu moja, akiwa na zaidi ya miaka 75.